Umri wa Kitambulisho na Umri wa Mwili: Uzee Unavyohesabiwa Galbet

Anayetaka kujua umri wa mzee wa Garissa aliyezaliwa malishoni hafiki mbali akimwuliza tarehe. Swali linaloleta jibu ni jingine: bendera ya uhuru ilipopandishwa, ulikuwa unachunga nini? Kila mfugaji anaelewa uzito wa swali hilo. Mtoto wa miaka mitano au sita hukabidhiwa vitoto vya mbuzi na kondoo, visivyokwenda mbali na nyumbani. Akifika saba au nane hupewa mbuzi wazima. Ngamia hawapewi mtoto. Huenda mwendo wa siku nyingi kutafuta malisho, na huhitaji kijana aliyekwisha kukomaa miguu na akili. Kwa hiyo mwanamume aliyekuwa na mbuzi wazima Desemba 1963 alizaliwa karibu na 1955 au 1956. Sabini ameifikia, au imebaki kidogo.

Kwa wanawake hesabu hupitia kwa watoto. Bibi, ayeyo kwa Kisomali, huulizwa: "Ayeyo, mwaka wa Gubai ulikuwa umezaa wangapi?" Akijibu watatu, mmoja bado mgongoni, mwenye kuuliza anajua kwamba huyu hakuwa msichana mwaka 1980, mtaa mmoja wa Garissa ulipochomwa, na kwamba kuzaliwa kwake kunatafutwa katika miaka ya hamsini. Makarani wa sensa ya Kenya nao hupewa orodha ya matukio ya kila eneo, ukame, mafuriko, vita na ziara za viongozi, ili wamsaidie asiyejua mwaka wake. Hata hivyo, takwimu za umri barani Afrika huonyesha kasoro moja: watu hurundikana kwenye 60, 65 na 70, na kwenye 61 au 67 hupungua ghafla.

Wafugaji wa Kisomali wana kalenda yao ya jua pia. Mwaka huanza kwa kuwasha moto, dabshid, kati ya Julai na Agosti, na huitwa kwa jina la siku ya juma uliyoangukia. Wasomaji wa pwani wataitambua upesi, kwa kuwa Mwaka Kogwa wa Makunduchi kule Unguja umetoka katika ukoo huohuo wa Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Mtu anaweza kusema kwa yakini kwamba alizaliwa mwaka wa Jumatatu. Ila mwaka wa Jumatatu hurudi kila baada ya miaka saba, na pasipo tukio la kuufungia, kosa la mzunguko mmoja humwongezea mtu miaka saba au humpunguzia.

Miaka saba ni mingi mno pale ambapo fedha zinategemea mwaka.

Galbet ni mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Garissa Township, pamoja na Waberi, Township na Iftin, katika mji uliokaa kando ya Mto Tana. Kama kwingineko nchini, mzee wa hapa aliyetimiza miaka 70 anastahili kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao tangu 2018 ulifunguliwa kwa kila Mkenya wa umri huo, awe maskini wa kupindukia au la. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Si fedha nyingi, lakini kwa mjane asiye na mbuzi hata mmoja ndiyo fedha pekee anayoweza kuiita yake. Mfumo wa serikali hauulizi alichunga nini mwaka 1963. Unasoma mwaka uliochapwa kwenye kitambulisho.

Mwaka huo ulifikaje pale? Mara nyingi aliukadiria afisa wa usajili, akiwa mezani, akiutazama uso wa mtu aliyesimama mbele yake. Usajili wa lazima wa vizazi ulipanuliwa Kenya wilaya baada ya wilaya, na ni mwaka 1971 tu ndipo nchi nzima ilipoingizwa katika sheria hiyo. Kila aliye na miaka 70 leo alizaliwa kabla ya hapo. Kwa wanawake karatasi ilichelewa zaidi. Kitambulisho cha Kenya kilirithi kazi ya kipande cha mkoloni, kilichobuniwa kuwafuatilia wanaume wenye kuajiriwa, na hadi 1978 wanaume peke yao ndio waliosajiliwa. Mama aliyezaliwa 1952 alikuwa ameshaolewa na kuzaa, huenda ameshazika watoto, kabla serikali haijaona haja ya kuandika jina lake. Mwaka 1989 ukaja msako maalumu wa Wakenya wa asili ya Kisomali, waliotakiwa kuthibitisha upya uraia wao na kupewa kadi ya ziada. Katika misururu ya aina hiyo, mtu aliyeogopa kunyimwa karatasi hakubishana na karani kuhusu miaka mitano iliyozidi au iliyopungua. Alipokea alichopewa. Wengi waliandikiwa tarehe mosi Januari.

Wataalamu wa jerontolojia, yaani elimu ya uzee na wazee, wangesema kwamba hapa umechanganywa umri wa aina kadhaa. Elimu hiyo ilipewa jina lake mwaka 1903 na Élie Metchnikoff, mwanasayansi mzaliwa wa Dola ya Urusi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Jambo la kwanza inalomfundisha mwanafunzi ni kutenganisha umri wa kalenda na umri wa mwili, na kuvitenganisha vyote viwili na kile mtu anachoweza kufanya na nafasi anayopewa na jamii. Watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kutofautiana kwa miongo katika hayo mengine.

Hata umri wa kalenda wenyewe hauna mpaka ulioshuka kutoka mbinguni. Ibara ya 260 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamtambua mzee kuwa mtu aliyetimiza miaka 60, na Ibara ya 57 inaitaka serikali imhakikishie heshima, usalama dhidi ya dhuluma, na matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa na kwa taifa. Mtumishi wa umma alistaafu akiwa na miaka 55 hadi mwaka 2009, umri huo ulipopandishwa hadi 60. Inua Jamii inangoja 70. Mwaka 1974, Bernice Neugarten wa Chuo Kikuu cha Chicago alipendekeza kwamba hata wazee wenyewe wagawanywe: wale wa miaka 55 hadi 75, wengi wao wakiwa bado wenye nguvu, na wale waliopita 75, wanaohitaji msaada zaidi. Kila mpaka kati ya hiyo uliwekwa na watu kwa sababu ya bajeti, ajira au utafiti. Katiba inasema mzee ni wa miaka 60, na anayesubiri fedha anasubiri miaka kumi baada ya Katiba kumtambua.

Mwili haungoji. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na baada ya sitini kasi huongezeka. Lenzi ya jicho hukakamaa, ndiyo maana mtu wa miaka 45 huanza kuisogeza simu mbali ili asome. Baadaye huingia ukungu, na ugonjwa huo wa mtoto wa jicho unabaki kuwa chanzo kikuu cha upofu duniani ingawa upasuaji wake ni mfupi na unafanikiwa. Jambo moja linaihusu Garissa kuliko miji mingi ya Kenya. Kadiri mtu anavyozeeka, hisia ya kiu hufifia, ngozi hutoa jasho kidogo na figo hupoteza uwezo wa kubana maji. Mzee anaweza kuishiwa maji mwilini bila kuhisi kiu hata kidogo. Katika mji ambao joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na ambako dawa za presha zinazoongeza mkojo ni za kawaida, kumpa ayeyo maji mara kwa mara pasipo kungoja aombe ni kinga kubwa. Hili halihitaji daktari bingwa. Linahitaji mjukuu aliyeelezwa sababu.

Je, ni nani basi anayepaswa kuitwa mzee asiyejiweza? Mwaka 1963 daktari Sidney Katz wa Cleveland, Marekani, alichapisha kipimo chake cha shughuli sita za kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, na kula. Kipimo hicho hakimwulizi mtu ana miaka mingapi. Kinachotakiwa kujulikana ni anaweza nini mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilifuata njia hiyohiyo katika ripoti yake ya mwaka 2015, iliyoeleza uzee wenye afya kuwa ni kudumisha uwezo wa kufanya yale mtu anayoyathamini. Uwezo huo una pande mbili, yaani nguvu za mwili na akili, pamoja na mazingira. Goti lililochoka ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni choo cha shimo kilicho mbali na nyumba, usiku, kwenye mchanga.

Waislamu wa Galbet hawakuhitaji ripoti ya 2015 kulijua hilo. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, imekuwa ikipima uzee kwa uwezo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mtu mkongwe asiyemudu saumu hafungi. Hulisha maskini kwa kila siku aliyokula, na hakuna mwanazuoni aliyeweka umri wa kuanzia. Mwenye miaka 80 anayemudu atafunga, na mwenye 60 aliyedhoofika amesamehewa. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali amelala. Aliyeshindwa na safari ya Hija kwa uzee anaweza kuhijiwa na mwingine. Viti vya plastiki vilivyopangwa pembeni mwa safu msikitini ni ushahidi wa mfumo unaomwangalia mtu na hali yake. Kama karani wa ruzuku angekuwa na nusu ya unyumbufu huo, foleni zingepungua, na wengi walioachwa nje wangeingia.

Kuna kipimo kingine kinachofaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kinaweza kuwadhulumu wazee wa kaskazini mashariki bila mtu yeyote kukusudia. Tangu 1975 madaktari ulimwenguni wametumia mtihani mfupi wa alama 30 kuchunguza dalili za kupotewa na kumbukumbu. Mgonjwa huulizwa leo ni tarehe ngapi, mwezi gani, mwaka gani. Huambiwa alitaje neno herufi kwa herufi kutoka mwisho hadi mwanzo. Huombwa aandike sentensi, kisha anakili mchoro wa maumbo mawili ya pembe tano yaliyopishana. Kwa kawaida anayepata chini ya 24 hutiliwa shaka. Mpe mtihani huo mzee aliyekulia na ngamia, ambaye hakuwahi kushika kalamu: alama za kuandika, za herufi na za mchoro zimekwenda kabla hajaanza. Mzee huyohuyo anaweza kuwa na uwezo wa kutaja nasaba yake vizazi kumi na vitano kwenda juu, na kueleza ngamia gani alizaa gani na katika mvua zipi. Swali moja la mtihani angelijibu kumshinda daktari, lile la majira. Gu, hagaa, deyr, jilaal. Anajua yuko wapi ndani ya mwaka kwa kunusa upepo.

Kosa la kinyume nalo lipo, na huenda lina madhara makubwa zaidi. Nyumbani, kusahau kunakozidi huchukuliwa kuwa ni uzee tu. Sivyo. Kuchelewa kukumbuka jina ni kawaida ya umri. Kupotea njia ya kurudi nyumbani katika bula, yaani mtaa, aliloishi miaka thelathini ni ugonjwa. Alois Alzheimer alieleza mmojawapo wa magonjwa hayo mwaka 1906, na tiba kamili bado haijapatikana. Lakini familia iliyojulishwa mapema hupanga nani akae na mzee, humwekea mbali moto na dawa, wala haimkemei kwa kuuliza jambo moja mara tano. Sura ya Al-Israa inawakataza watoto kuwakemea wazazi waliofikia uzee hata kwa neno dogo la kuchoshwa, na ni vigumu kuitii amri hiyo vizuri bila kujua kwamba mzazi ni mgonjwa.

Mwaka 1969 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliubainisha ubaguzi wa kiumri kuwa ndugu wa ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Alikuwa ameona wakazi wa Chevy Chase, karibu na Washington, wakipinga wazee maskini wapewe makazi mtaani mwao. Garissa haifanani na Chevy Chase. Hapa ndevu zilizotiwa hina hufungua njia katika umati, na kijana huinuka mzee anapoingia. Hata hivyo heshima ya kupisha kiti na uamuzi wa kutenga fedha ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kuitwa baba na kila mpita njia na bado akakosa miwani.

Nadharia moja ya zamani ya jerontolojia ilianguka mbele ya jamii kama hii. Mwaka 1961 Elaine Cumming na William Henry, wakitumia utafiti waliofanya Kansas City, walidai kwamba mzee na jamii huachana polepole kwa ridhaa ya pande zote mbili, na kwamba hiyo ndiyo kawaida ya binadamu. Huko kaskazini mashariki mwa Kenya mambo huenda kinyume. Uzito wa neno la mwanamume huongezeka kadiri miguu yake inavyodhoofika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Wajir zilipokuwa zikiuana, wanawake wa sokoni, akiwamo Dekha Ibrahim Abdi aliyetunukiwa Right Livelihood Award mwaka 2007, walianzisha juhudi za amani. Lakini makubaliano yaliyozifunga koo yalihitaji kutamkwa na wazee. Mwaka 2001 Azimio la Modogashe liliweka fidia ya uhai wa mtu, na wazee ndio walioisimamia. Katika Kaunti ya Mandera, baraza la wazee wa Wagarre limefika hadi kugawa viti vya uchaguzi kabla ya kura kupigwa, jambo ambalo vijana wengi hulilalamikia, na wana haki ya kulilalamikia.

Nguvu hiyo, lakini, ina jinsia. Azimio lilelile la Modogashe liliweka ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Mwanamume anapozeeka huingia barazani. Mwanamke anapozeeka mara nyingi hubaki na jiko, wajukuu na chombo chake cha maziwa ya ngamia sokoni. Kwa kuwa wanawake huishi muda mrefu kuliko wanaume na huolewa na waliowazidi umri, wajane wazee ni wengi kuliko wagane. Uzee wa kike ni jambo lake peke yake, na mtafiti anayezungumza na wazee wa baraza pekee anarudi nyumbani na nusu ya habari.

Ili kuwaelewa watu hawa inabidi kufahamu dhana nyingine ambayo jerontolojia inaitegemea sana: rika la kuzaliwa. Tabia tunayoiona kwa watu wa miaka 70 inaweza kuwa imeletwa na umri, au na nyakati tulizo nazo, au na mambo yaliyowakuta wao tu kwa sababu walizaliwa mwaka fulani. Kutenganisha hayo matatu ni kazi ngumu kitakwimu. Kwa rika la Garissa lililozaliwa kati ya 1945 na 1960 alama ziko wazi. Uhuru uliwakuta wakiwa watoto au vijana, na kabla mwezi huo wa Desemba 1963 haujaisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa juu ya mkoa wao. Vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, viliendelea hadi 1967. Mwaka 1966 familia zilikusanywa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, mifugo ikafa au ikatwaliwa. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa, na watu wa mji wakazuiliwa katika uwanja wa shule ya msingi. Hiyo ndiyo Gubai ambayo akina mama huhesabia watoto. Februari 1984 yakaja mauaji ya Wagalla, Wajir. Sheria za hali ya hatari ziliondolewa mwaka 1991. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Mei 2013, iliyaandika yote haya.

Katikati ya hayo kulikuwa na ukame uliofuatana, wa miaka ya 1970, wa 1984, na baadaye wa 2011 na ule wa misimu mitano mfululizo ulioishia 2023. Familia iliyopoteza ngamia wake mara mbili haikurudi malishoni. Ilijenga kibanda pembezoni mwa mji. Mabula mengi ya Garissa yalikua hivyo. Mfugaji hana pensheni, akiba yake inatembea kwa miguu minne. Ikifa akiwa na miaka 30, pengo hilo halibaki hapohapo. Hukosa karo ya mtoto, mtoto hukosa kazi ya mshahara, na miaka arobaini baadaye hakuna wa kutuma fedha. Watafiti huita hali hiyo mrundikano wa hasara katika mkondo wa maisha. Umaskini wa mzee wa Galbet haukuletwa na uzee. Ulianza alipokuwa kijana, tena mwingine ulianzishwa na serikali yake mwenyewe.

Baadhi ya watu husema kwamba Wakenya huishi miaka sitini na kidogo, kwa hiyo ruzuku ya miaka 70 inawahusu wachache mno. Hapo umri wa kuishi umesomwa vibaya. Wastani unaotangazwa ni matarajio ya mtoto anayezaliwa, nao huvutwa chini na vifo vya watoto wachanga na vya akina mama. Aliyevuka mitego hiyo na kufika 60 ana matumaini ya miaka mingine kumi na mitano au zaidi. Sensa ya 2019 ilikuta Wakenya milioni 2.7 wenye miaka 60 na kuendelea, na Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba Afrika kusini mwa Sahara, iliyokuwa na wazee milioni 46 mwaka 2015, itakuwa nao milioni 157 ifikapo 2050.

Kaskazini mashariki kuna hali ya pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliipa Kenya wastani wa watoto 3.4 kwa kila mwanamke, na Mandera 7.7. Wazee ni wachache sana miongoni mwa watoto wengi, hivyo kwa hesabu ya utegemezi hawaonekani kuwa mzigo. Kiuhalisia, ayeyo mwenye wajukuu ishirini ndiye mlezi, wala si yeye anayetegemea. Huamka kabla ya alfajiri, hulala na wadogo, na hubaki nao mama zao wanapokwenda sokoni. Yeye anapougua, mabinti na wakaza wanawe ndio wanaobeba kazi, bila malipo na mara nyingi kwa kuacha biashara zao. Wengine huchangia kutoka mbali: Eastleigh, Minneapolis, London. Fedha huja kwa simu au kwa hawala. Simu haiwezi kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda.

Jirani zetu wametafuta njia zao. Zanzibar ilianzisha pensheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70 mnamo Aprili 2016, ikianza na shilingi 20,000 za Tanzania na kuipandisha hadi 50,000 mwaka 2023. Uganda ilifanya jambo ambalo Nairobi inapaswa kulitazama kwa makini. Ilipoanza kujaribu ruzuku ya wazee baada ya 2010, iliweka miaka 65 kwa maeneo ya majaribio isipokuwa Karamoja, eneo la wafugaji lililo kavu na maskini, ambako iliweka 60. Ni kama ilikiri kwamba mwili wa mchungaji aliyepitia njaa na vita hauzeeki kwa ratiba ya mkazi wa Kampala. Baadaye mpango ulipopelekwa nchi nzima umri ulipandishwa hadi 80, na mwaka 2021 watafiti wa New York University pamoja na mashirika ya Uganda, ISER na Unwanted Witness, walionyesha jinsi wazee walivyokuwa wakinyimwa haki yao kwa sababu mwaka kwenye kitambulisho ulikosewa.

Kosa hilo Garissa inalijua. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa ziarani kaskazini mashariki, alitia sahihi tamko la kufuta uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa waombaji vitambulisho wa kaunti za mpakani. Hatua hiyo inamsaidia kijana anayeanza. Haimrekebishii bibi mwaka aliobandikwa miongo iliyopita. Ukaguzi wa alama za vidole, unaozidi kuenea katika huduma za serikali na benki, unaleta kikwazo kipya, kwa maana ngozi ya uzeeni hupoteza unyumbufu, na vidole vilivyochota maji na kupasua kuni miaka sitini huwa vimelainika mistari.

Anayetaka kurekebisha umri huambiwa alete ushahidi, na hospitali huweza kukadiria. Mifupa humsaidia daktari kwa mtoto na kijana, kwani mfupa wa mwisho kukomaa, wa mtulinga, hufunga katika miaka ya ishirini. Baada ya hapo hakuna picha ya eksirei inayoweza kusema kwa uhakika kwamba huyu ana 63 na yule 70. Ushahidi ulio bora unabaki kuwa ule wa kuchunga nini na kuzaa wangapi, ukitolewa na watu wawili au watatu wa rika moja mbele ya chifu, ukipimwa dhidi ya matukio yenye tarehe. Sensa inaukubali. Ruzuku inaweza kuukubali pia, kwa kanuni za maandishi na rufaa iliyo wazi. Watoto waliozaliwa 1965, ndani ya vita vya Shifta, watatimiza 70 mwaka 2035. Mama zao na shangazi zao, waliokuwapo walipozaliwa, leo wana miaka themanini na zaidi, na wachache waliobaki bado wanaweza kuhojiwa.